Daftari la Mama Mkubwa

Wiki hii mmetuuliza: mpendwa wako aliyechukuliwa na saratani, unamkumbuka kwa lipi? Nimekaa na swali hili siku tatu. Jibu langu ni daftari la madeni.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, ndiye aliyenilea tangu nina miaka 6. Alikuwa mama lishe karibu na stendi ya mabasi ya Moshi kwa miaka 22. Alifariki mwaka 2019 kwa saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Alikuwa na miaka 57.

Wasifu wa marehemu uliosomwa siku ya mazishi niliuandika mimi, usiku, kwa mwanga wa simu. Juzi nimeutoa nikausoma tena. Kuzaliwa Kibosho, kubatizwa, kumaliza darasa la saba, kuanza biashara ndogo ndogo: mistari minne. Halafu, "Marehemu alianza kusumbuliwa na koo mwezi Machi," na kuanzia hapo ni ukurasa mzima wa vipimo, rufaa, mionzi na hali kubadilika. Mtu asiyemjua angetoka pale akidhani mama mkubwa aliishi miezi 11 tu. Liliniuma. Nimeshasikia wasifu wa namna hiyo kwenye misiba mingi, na nadhani ni kwa sababu ugonjwa ndio tunaotoka kuuguza. Bado uko machoni, maisha yenyewe yako mbali kidogo.

Sisemi ugonjwa ufichwe. Nautaja hapa kwa sababu kuna anayesoma ambaye mama yake ameanza kukwepa nyama. Kwa mama mkubwa ilianza hivyo. Nyama akaacha, akasema meno. Kisha ugali ukawa haushuki bila mchuzi mwingi, kisha chapati mpaka ailoweke kwenye chai, mwisho uji tu. Kituo cha kwanza tulichokwenda alipewa dawa za vidonda vya tumbo, zikaisha, akapewa nyingine, miezi minne ikapita hivyo. Kipimo cha mpira wenye kamera kilipofanyika, umio ulikuwa umebana kiasi kwamba mate yenyewe yalipita kwa shida. Daktari alituambia ukanda wetu huu wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, una wagonjwa wa saratani hii wengi kuliko sehemu nyingi za dunia. Alitutajia tumbaku na pombe, akatutajia na vinywaji vya moto sana: mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vile vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Mama mkubwa aliipenda chai ikiwa imetoka jikoni inachemka. Sitaki kukilaumu kikombe chake. Ila chakula kikianza kukwama wiki mbili tatu mfululizo, omba kamera, usikubali kurudishwa na vidonge.

Mionzi alikwenda kuipata hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwenye lile jengo la kale la Wajerumani la mwaka 1897. Mbele yake ni barabara, halafu bahari. Hakuwa ameiona bahari maishani mwake. Kila jioni alitaka tumtoe nje aitazame, na siku ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, hawa wenye mitumbwi wanakula saa ngapi?"

Huyo ndiye yeye. Kila mtu aliyemwona, alimwona na njaa yake.

Alipowekewa mpira wa kulishia tumboni, tulimletea mtori kwenye kijiko. Anaugusa kwa ncha ya ulimi, anatema kwenye bakuli, anatoa hukumu: "Chumvi imezidi. Ongeza ndizi, usiongeze maji." Mtori huo huo aliwapikia wazazi wangapi wa mtaa wetu waliotoka kujifungua, bila kudai hata shilingi! Wiki moja kabla hajatutoka bado alikuwa anatusahihisha, na alikuwa sahihi.

Sasa daftari. Tulilikuta baada ya arobaini, chini ya godoro, limefungwa kwa mpira. Hakuandika majina, maana wengi hakuyajua. Aliandika "Konda wa shati la kijani." "Mzee wa magazeti." "Baba mapacha." Kwenye mstari wa "Kijana wa ufundi", mahali pa kiasi, hakuna tarakimu, ameandika "akipata kazi."

Watu walikuja wenyewe. Konda alileta shilingi 14,000, daftari linasema 6,000. Nikamwonyesha. Akasema zile nyingine mama alikataa kuziandika, mwezi ule gari lake lilikuwa gereji na yeye hana kazi. Mzee wa magazeti alitueleza kwamba kila asubuhi mama mkubwa alimwomba amsomee kurasa za michezo, kumbe alikuwa anafuatilia matokeo ili ajue wateja wake wataamka na hali gani. Hilo hatukulijua nyumbani, miaka yote ile. Kijana wa ufundi alikuja mwaka jana kutoka Arusha, sasa ni fundi umeme. Hakutoa fedha mezani. Alikaa kwenye benchi lile lile, akaomba wali na maharage, akala akamaliza, akalia.

Kila anayekuja, namwandikia alichosema chini ya mstari wake. Wasifu wa mama mkubwa naona ndio huu, na bado unaendelea.

Imebaki mistari tisa isiyofutwa. Mmoja unasema: "Dada wa mtoto mgongoni, wali maharage, 1,500. Analia." Kama dada huyo anasoma, kibanda bado kipo, mdogo wangu ndiye anayepika. Ile 1,500 hatuitaki. Tunaomba tu uje utuambie siku ile mama mkubwa alikwambia nini.