Jamu ya Nyumbani: Sufuria Gani, Kipimajoto Gani, Chupa Gani?

Assalaam aleikum. Msimu wa maembe unakaribia na nataka kupika jamu ya kuuza kidogo hapa mtaani. Nina sufuria ya alumini ya kupikia pilau, na dukani wananishawishi ninunue nyingine, ndefu, ya lita 12. Nitumie ipi? – Msomaji, Likoni

Waaleikum salaam. Ziache zote mbili. Alumini haipatani na tunda lenye uchachu. Asidi ya embe na ndimu huila, jamu ikashika ladha ya chuma na rangi ikafifia. Ile ndefu nayo ina ila nyingine. Kupika jamu ni kupunguza maji, na maji hutoka kwa juu yakiwa mvuke. Kwenye sufuria nyembamba yenye kina, mvuke hutoka polepole, jamu ikakaa motoni muda mrefu kuliko inavyohitaji. Matokeo yake sukari hugeuka hudhurungi, harufu ya embe hupotea, na pektini, ile asili ya tunda inayogandisha jamu, huvunjika.

Tafuta ya stenlesi iliyo pana, sentimita 28 hadi 30, kina kama 13, yaani lita 8 hivi. Hiyo yatosha embe lililomenywa kilo moja na nusu na sukari kilo moja na robo. Usipike zaidi ya hapo kwa mkupuo mmoja, maana povu hupanda ghafla na theluthi mbili za sufuria zinapaswa kuwa tupu. Kitako kiwe kinene. Kigonge kwa kidole: kikilia kama kengele ni chembamba, na sukari itashika chini. Enameli pia ni nzuri mradi haijabanduka.

Pesa inayobaki inunue mizani ya dijitali ya kufika kilo 5, kwa sababu vipande vya embe havipimiki kwa kikombe. Tena mizani ina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui. Pima sufuria tupu na uandike uzito wake. Kwa kila kilo moja ya sukari uliyotia, jamu iliyoiva, ukiondoa uzito wa sufuria, huwa na kilo 1.6 hadi 1.7. Ikizidi hapo, bado ina maji. Weka ubao juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, ndipo utue sufuria ya moto.

Mwiko uwe wa mbao, mrefu, na uwe wa jamu peke yake. Ule wa mchuzi umekwisha kunywa vitunguu.

Jamu yangu ya nanasi haigandi, inatiririka tu mkate ukiinamishwa. Ninunue kipimajoto? – Msomaji, Kisauni

Nunua cha chakula, kinachofika nyuzi 120 au zaidi, chenye kibanio cha kukishikiza kwenye ukingo wa sufuria. Ncha isiguse kitako. Kabla ya kukiamini, kichovye kwenye maji yanayochemka. Mombasa iko usawa wa bahari, hivyo kinatakiwa kisome 100. Kikisoma 98, basi kila kipimo chako kina upungufu wa nyuzi 2.

Hapa Pwani jamu huiva kwenye nyuzi 104 hadi 105. Jihadhari na maelezo ya wapishi wa Nairobi: kule juu maji huchemka kwenye 95 hivi na jamu huiva karibu na 100. Ukiepua kwa 100 ukiwa Kisauni, umepika sharubati nzito.

Usiyetaka kununua, weka visahani viwili kwenye friza. Dondosha jamu kidogo juu ya kimoja, subiri dakika moja, isukume kwa kidole. Uso ukikunjamana, imeiva. Zima moto wakati unasubiri, la sivyo itapitiliza.

Lakini kipimajoto hakiongezi pektini, na nanasi lina kidogo sana. Mapera ndiyo yaliyojaaliwa. Chukua matatu yasiyoiva sana, yakate na maganda na mbegu zake, yafunge kwenye kitambaa cha melimeli, uyachemshe pamoja na nanasi dakika 20 kabla ya kutia sukari. Kamua, toa kitambaa, kisha ongeza vijiko vikubwa viwili vya maji ya ndimu kwa kila kilo ya tunda. Kifumbu cha tui usikilete hapa. Mafuta ya nazi yaliyonasa ndani yake huvunda na kuharibu harufu.

Chupa zangu zinaota ukungu baada ya wiki chache. Ni zile za asali na achari, nimeziosha vizuri. – Msomaji, Tudor

Chupa hazina kosa, shaka iko kwenye vifuniko. Ule mpira laini wa ndani hushika alama ya mdomo wa kwanza, na kifuniko cha achari kimekwisha kuliwa na chumvi na siki. Nunua vipya, uvihifadhi pakavu, maana hewa yetu ya bahari huvitia kutu hata kabla havijatumika.

Chemsha chupa dakika 10, kitambaa kikiwa kimetandikwa ndani ya sufuria, chini ya chupa, ili zisigongane. Zitoe wakati jamu iko tayari, uzijaze zingali za moto, kwa sababu glasi baridi ikipokea jamu ya moto hupasuka. Tumia faneli yenye mdomo mpana wa chini, sentimita 4 hivi. Ukingo ukichafuka sukari, kifuniko hakibani. Acha nusu sentimita juu, funga papo hapo. Anayefunga jamu ikiwa vuguvugu hupata matone ya maji chini ya kifuniko, nayo huzimua sukari ya juu, ambapo ukungu huanzia. Kisha rudisha chupa zilizofungwa kwenye maji yanayochemka, yazifunike kabisa, dakika 10.

Zikipoa, bonyeza katikati ya kifuniko. Kikidunda, hakikubana: iweke friji na iliwe kwanza. Iliyoota ukungu itupe yote, usikwangue juu.

Blenda na sufuria ya presha zinasaidia? – Msomaji, Mji wa Kale

Blenda huingiza hewa, povu likazidi. Ponda kwa mwiko. Sufuria ya presha inafaa kulainisha maganda ya machungwa tu. Ukishatia sukari usiitumie, kwa kuwa haitoi mvuke.