Kabla ya Kuomba Fedha za Kukarabati Bustani ya Umma

Kikundi chetu cha wakazi kimekuwa kikiihudumia bustani ndogo ya umma hapa Kisumu kwa miaka kadhaa, na wenzetu wa Nakuru na Kakamega huniuliza mara kwa mara fedha hutoka wapi. Ninavyoamini, fedha za kujenga hupatikana. Zilizo adimu ni za kutunza, na anayeomba za kujenga peke yake anajitafutia ukarabati mwingine baada ya muda mfupi.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziweka bustani na sehemu za burudani chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo huko ndiko pa kuanzia. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Ua, njia za miguu, vyoo na taa huingia katika fungu hilo, na viongozi huziunga mkono kwa moyo kwa sababu zinaonekana na zinaweza kuzinduliwa. Ujira wa mkata nyasi, bili ya maji na balbu za kubadilisha hutoka katika matumizi ya kawaida, ambako mishahara imekwisha kujaa. Ombi lenu, basi, liwe na kurasa mbili: ya kwanza ieleze kitakachojengwa, ya pili ieleze nani atakilinda na kukisafisha, na atalipwa kutoka fungu lipi.

Hata vifaa vichaguliwe kwa kufikiria utunzaji. Benchi za kwanza tulizoletewa zilikuwa za mbao zilizokazwa kwa bolti kwenye fremu za chuma. Haukupita muda mrefu fremu zikang'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu, mbao zikabaki zimelala kwenye nyasi. Awamu iliyofuata tulisisitiza benchi za zege zilizomwagwa papo hapo, na hizo zipo hadi leo, ingawa wazee wanalalamika, na wana haki, kwamba huwaka moto jua la mchana likizipiga. Tumepanda miti ya kivuli kando yake.

Jambo la pili ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mpango wa maendeleo wa mwaka huo huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwananchi anayesubiri kikao cha maoni cha mwezi wa Mei hukuta mambo mengi yamekwisha kupangwa, kwa hiyo mwoneni mwakilishi wadi wenu kabla ya Agosti kwisha, mkiwa na makadirio ya gharama yaliyoandaliwa na fundi anayejua bei za sasa. Angalieni pia majira: kazi nyingi hukimbizwa Mei na Juni ili fedha zisirudi, na nyasi zinazopandwa masika yakiisha hukauka kama hakuna mfereji uliokwisha kuunganishwa. Simamieni maji yatangulie nyasi.

Wafadhili wengine watawauliza maswali mawili kwanza. Je, kikundi kimesajiliwa? Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 imeweka utaratibu wake, na akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja huondoa wasiwasi mwingi. La pili ni ardhi ni ya nani. Thibitisheni mipaka kwa mpimaji kabla ya kupokea hata shilingi moja, kwa maana ardhi ya umma katika miji yetu imenyakuliwa sana, na hakuna kampuni itakayojenga ua kwenye kiwanja chenye kesi.

Kampuni ikikubali kusaidia, iandikeni bayana haki inayopata. Ubao wenye jina lake langoni ni sawa. Kibanda cha kudumu ndani ya bustani si sawa, kwa sababu cha kwanza kikiruhusiwa, vingine vitadai haki hiyo hiyo. Kiingilio pia ninakipinga kwa bustani ndogo ya katikati ya mji, kwani wanaoihitaji zaidi ni wale wasio na pengine pa kukaa bila kununua kitu. Choo cha kulipia kinatosha kumlipa mhudumu wake, mradi hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi na kila mtu aweze kuzisoma.