Taa za Desemba mjini Hamburg

Swali la juma hili lilikuwa: ukipata siku mbili au tatu za mapumziko mwezi Desemba, utazitumia katika mji gani, na kwa nini? Jibu langu ni Hamburg, bandari kubwa ya kaskazini mwa Ujerumani, ingawa najua wengi watataja Nuremberg au Strasbourg, ambako masoko ya Krismasi yana sifa kubwa zaidi. Hamburg naipendea jambo moja: taa zake zina kazi. Katikati ya Desemba jua huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa kumi jioni limekwisha kuzama. Theluji ni ya kubahatisha, lakini manyunyu na upepo havikosi, na mtu aliyekulia kwenye jua la Tanga, kama mimi, huona kwa nini watu wa huku huwasha taa kwa bidii namna ile.

Tena ni katika mji huu, mwaka 1839, ambapo mwanatheolojia Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini, alichukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa, midogo myekundu kwa siku za kawaida na minne mikubwa myeupe kwa Jumapili za Majilio, yaani zile nne za kabla ya Krismasi. Inasimuliwa kwamba watoto walikuwa wakimuuliza kila siku kama Krismasi imefika, naye akawapa njia ya kujihesabia wenyewe. Shada lenye mishumaa minne ambalo leo limo katika nyumba na makanisa mengi ya Ujerumani asili yake ni gurudumu hilo.

Soko kuu liko Rathausmarkt, uwanja ulio mbele ya jumba la serikali ya mji lililokamilika mwaka 1897, mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu kutoka kituo kikuu cha treni. Vibanda vimepangwa kwa vichochoro kufuata bidhaa, na mimi humpeleka mgeni kwanza kwa muuza lozi. Muuzaji huzikoroga kwa mwiko mrefu katika sufuria ya shaba pamoja na sukari na mdalasini. Sukari huyeyuka, hukauka ikawa nyeupe kama chumvi, kisha huyeyuka tena mpaka kila lozi ing'ae, na mfuko wa karatasi unaokabidhiwa hukupasha vidole kabla hujaonja chochote. Soseji nyingi zina nyama ya nguruwe, kwa hiyo asiyeila aulize, au atafute samoni anayebanikwa kwenye ubao kando ya moto wa kuni. Wengi hunywa Glühwein, mvinyo mwekundu unaopashwa moto na karafuu, mdalasini na chungwa. Asiyekunywa pombe aombe Kinderpunsch, ambayo ni maji ya matunda yenye viungo vilevile. Kikombe hulipiwa amana, nawe hurudishiwa ukikirejesha.

Harufu hiyo ya karafuu ndiyo hunifanya niwaongoze wageni hadi Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali mekundu ulioanza kujengwa mwaka 1883, palipohifadhiwa kahawa, chai na viungo, na ambao tangu mwaka 2015 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Usiku kuta zake humulikwa, na mwanga hushuka hadi kwenye maji ya mifereji. Kwangu mimi pana uzuri kuliko soko lenyewe. Wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa na nyumba zao za biashara Unguja tangu katikati ya karne ya 19, na mmoja wao, Rudolph Heinrich Ruete, ndiye aliyemwoa Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, mwaka 1867, wakaja kuishi hapa. Kaburi la Salme liko katika makaburi ya Ohlsdorf, penye kituo ambacho treni ya kutoka uwanja wa ndege hukipitia, na ningependa kila msomaji wa pwani atenge saa moja ya mchana kwenda kumzuru.

Epuka Jumamosi, kwa maana msongamano hukuzuia hata kufikia kibanda. Njoo katikati ya juma, umevaa viatu visivyoingiza maji, na iwe mapema Desemba, kwa sababu soko la Rathausmarkt kwa kawaida hufungwa kabla ya mkesha wa Krismasi.