Msomaji akishamjua muuaji, taharuki inabaki wapi?

Ndugu yangu, umeuliza taharuki inabaki wapi ikiwa msomaji keshamjua mkosaji tangu mwanzo. Ipo, ila imehama: si tena "nani kafanya?", ni "ataficha mpaka lini?" Dostoevsky, mwandishi wa Urusi, alishaonesha hilo 1866 katika riwaya yake Crime and Punishment. Mhusika wake mkuu, Raskolnikov, anaua mapema, mbele ya macho yetu, na kurasa zote zilizobaki ni homa, hofu na ulimi unaomwasha.

Ukitaka ya huku kwetu, chukua mtu wa Wete, kule Pemba, aliyetoka baharini na mwenzake akarudi na ngalawa peke yake. Kila alasiri yuko barazani, ubavuni mwa baba wa yule asiyerudi. Mzee hamuulizi kitu. Anammiminia kahawa, anamsogezea kashata, anamwita mwanangu. Kikombe kinamgonga meno. Mtu mwengine anataja upepo tu, yeye anadakia: "Mimi nilimwambia asisimame!" Nani kamuuliza? (Mji mdogo ndiyo faida yetu waandishi, hata akikwepa baraza, alfajiri watakutana safu moja msikitini.)

Waandishi wengi huharibu kwa kumpa muuaji kurasa tatu za kujuta. Mnyamazishe. Na asikiri upesi. Kwanza mzee amuulize, taratibu, saa ya mwanawe iko wapi.