Mnyoo ndani ya usipa, na maswali mengine ya samaki

Nilinunua usipa wabichi Kyela. Kupasua, baadhi yao wana kitu cheupe kama utepe, kirefu kuliko samaki mwenyewe. Niwatupe? (Msomaji, Mbeya mjini)

Usiwatupe. Huyo ni Ligula, mnyoo bapa wa jamii ya tegu, anayejulikana kwa usipa wa Ziwa Nyasa na kwa dagaa wa Ziwa Victoria pia. Hakai ndani ya utumbo. Anakaa nje yake, kwenye uwazi wa tumbo, ndiyo maana ukipasua anachomoka mzima. Mtoe, osha samaki, pika waive vizuri. Huyu si mnyoo wa binadamu.

Anayeumia ni usipa. Mnyoo akishakua, mayai au mbegu za samaki hazikomai tena, kwa hiyo anaishi bila kuzaa. Na wanunuzi wajue hili: usipa mwenye tumbo nene si lazima awe na mayai, huenda ni Ligula amejikunja humo.

Safari yake ndiyo inayonishangaza kila mara. Mayai ya mnyoo huanguka ziwani na kinyesi cha mnandi au ndege mwingine mla samaki. Lava anayetoka humo huliwa na kopepodi, vidudu vidogo vya majini, navyo ndivyo usipa anavyokula. Samaki aliyelemewa huogelea juu juu, ndege humdaka bila taabu. Ndani ya ndege mnyoo hukomaa, hutaga na kufa kwa siku chache tu. Sehemu kubwa ya maisha yake ameimaliza ndani ya samaki.

Perege wa bwawani kwangu wana vijipu vya njano karibu na mashavu. Ni usaha? (Mfugaji, Iringa vijijini)

Si usaha. Kitumbue kimoja kwa ncha ya kisu juu ya sahani: atatoka kimnyoo cha milimita chache, hai, anajikunja na kujinyoosha. Jina lake Clinostomum. Huanzia kwa konokono, akaingia kwa samaki, akamaliza kwenye koo la korongo. Ndiyo, kooni, mayai huingia majini korongo anapochovya mdomo kuvua.

Moto humuua. Huko Japani na Korea, ambako watu hula samaki wabichi, wako waliowahi kunaswa na mnyoo huyu kooni. Sisi tunaokaanga hatuna wasiwasi huo, ila mteja akiona vijipu hanunui, na hapo ndipo hasara yako ilipo. Fyeka majani ya kingoni wanakojishikiza konokono. Ukishavuna, kausha bwawa kabisa na umwage chokaa kabla ya kupandikiza tena. Kumfukuza korongo peke yake hakutoshi.

Kwani aina za minyoo hawa ni ngapi? (Mwanafunzi, Uyole)

Minyoo bapa walioelezwa na wanasayansi wanazidi spishi 20,000, na walio wengi ni vimelea. Kwa perege na jamaa zake, tazama kundi moja tu, Cichlidogyrus, lililopewa jina mwaka 1960: spishi zake zimepita 100. Hukaa kwenye mashavu, yaani matamvua ambayo samaki hupumulia, wengi hawafiki hata milimita moja, na hutambuliwa kwa hadubini kwa umbo la vikulabu vyao na viungo vyao vya uzazi. Wengi wao huchagua: huyu kwa samaki hawa, yule kwa wale. Ndiyo sababu maziwa yenye samaki wa aina nyingi yana minyoo wa aina nyingi.

Lakini uchaguzi huo si wa milele. Sato walipopelekwa Madagaska, minyoo wao walihamia kwa samaki wa asili wa kule. Bonde la Ruaha lina perege wake wa asili, na Ziwa Rukwa lina wake. Anayebeba vifaranga kwenye ndoo kutoka mbali afikirie na abiria wasioonekana.

Vifaranga wanajisugua kwenye kingo na kuhema juu ya maji. (Njombe)

Mpelekee afisa uvuvi wachache wakiwa hai. Aliyekufa zamani haonyeshi kitu, maana minyoo humkimbia. Nadhani ni Gyrodactylus, mnyoo bapa mdogo sana anayekaa juu ya samaki. Huyu hatagi, huzaa, na mtoto anazaliwa tayari ana mimba ya mwingine. Wanorwe walifikia kutia sumu mito mizima, wakaua samaki wote, ili wamwondoe kwa salmoni wao. Wewe jaribu kwanza chumvi: gramu 10 kwa lita, dakika 20, ndani ya beseni, na samaki akilala ubavu mtoe hapo hapo. Kisha punguza msongamano. Maji ya Njombe ni baridi, na perege aliye chini ya nyuzi 20 hudhoofika haraka.

Kichocho kinaambukizwa na samaki? (Matema)

Hapana, huingia kwa ngozi ukiwa majini. Tena Ziwa Nyasa lina samaki, Trematocranus placodon, anayekula konokono wakiwemo wale wanaobeba kichocho, na watafiti wamehusisha kupungua kwake kwa uvuvi wa kupita kiasi na kuongezeka kwa ugonjwa huo ufukweni. Wenye kokoro la macho madogo wanajijua.