Drili ya kazi: ulizia spea kabla ya kuulizia wati

Mleta mada anataka drili ya kutoboa zege na tofali kila siku, idumu, na isimtese kwenye matengenezo. Wengi wamemtajia majina ya kampuni. Jina lina uzito wake, ila hata mashine bora kuliko zote kuna siku itagoma. Cha kujua mapema ni kama ikigoma itarudi kazini wiki hiyo hiyo au italala stoo ikisubiri kifaa kimoja.

Kwa hiyo anzia kwenye spea. Nakili namba kamili ya modeli kwenye kibandiko cha mashine, nenda nayo kwa wakala wa matengenezo, ulizia vitu 4: kaboni (vipande 2 vinavyosugua mota na kuipa umeme), swichi, amecha (ile sehemu ya mota inayozunguka, yenye nyaya za shaba) na oringi za pistoni (mipira ya duara inayozuia hewa isivuje). Kaboni karibu kila mtu anazo, hazikuambii lolote. Kipimo ni amecha. Akikuonyesha iliyopo, au akakutajia namba ya spea na siku itakayofika, hapo kuna huduma. Akikujibu "leta kwanza mashine tuiangalie", tafuta mwingine. Kampuni makini pia hutoa mchoro wa mashine iliyofumuliwa, kila skrubu na namba yake. Modeli isiyo na mchoro huo mimi singeinunua kwa kazi ya kulipwa.

Dhamana isome kabla ya kulipa. Kaboni, waya na kichwa kinachoshika biti huhesabiwa ni vitu vya kuchakaa, kwa kawaida havimo. Kampuni nyingine huongeza muda wa dhamana ukisajili mashine ndani ya wiki chache baada ya kununua. Wengi hupoteza haki hiyo kwa kuchelewa tu. Angalia pia mashine imetengenezwa kwa ajili ya nani. Bosch, kwa mfano, za bluu ni za mafundi na za kijani ni za matumizi ya nyumbani. Na ukiletewa mashine kutoka nchi nyingine, soma volti: ya 110 au 120 ukiichomeka kwenye 230 inaungua papo hapo, na hakuna dhamana itakayokusikiliza.

Kuhusu zege: drili ya kawaida yenye alama ya nyundo hupiga kwa visahani 2 vyenye meno vinavyosuguana, ndiyo maana lazima uisukume kwa nguvu, na meno yale huisha. Kwa tofali na matundu machache inatosha. Kazi ya zege ya kila siku inataka mashine ya pistoni inayotumia biti za SDS-Plus (zenye mashina ya mifereji, unazichomeka bila kukaza). Hapo hewa iliyobanwa ndiyo inayopiga, mkono wako unaongoza tu. Wati ni umeme inaokula, si kazi inayotoa. Soma jouli, yaani nguvu ya kila pigo. Bosch GBH 2-26 DRE ina wati 800 na jouli 2.7, na inatoboa zege hadi milimita 26. Ukikuta mashine ya ukubwa huo huo isiyo na jina imeandikwa wati 1500, usiiamini namba hiyo.

Sasa zinakufaje? Mara nyingi huanza na kaboni. Zikibaki milimita 5 au 6, badilisha zote 2 kwa pamoja, kisha izungushe bila mzigo dakika chache zikae sawa. Ukiendelea kuzitumia zikiwa zimeisha, cheche hula shaba za amecha, na kifaa cha bei ndogo kinakuletea gharama kubwa. Cheche ndogo ni kawaida. Duara zima la moto linalozunguka amecha ni dalili ya shoti, zima hapo hapo. Amecha huungua pia kwa matundu ya hewa kuziba vumbi, hasa ukitoboa dari, na kwa ekstensheni nyembamba inayoshusha volti. Tumia waya wa 1.5 mm² kwa mita 25 na 2.5 mm² kwa mita 50, na kama umeviringwa kwenye gurudumu, ukunjue wote, maana ukibaki umeviringwa unapata joto. Mashine ikizunguka vizuri lakini haipigi, usikimbilie mota: kagua oringi za pistoni na grisi. Grisi iwe ile ya kampuni kwa ajili ya nyundo. Ya beringi ni nzito, inaikwamisha.

Za betri zina hesabu nyingine. Ukinunua ya kwanza umejifunga na betri na chaja za kampuni hiyo, hivyo ulizia upatikanaji wa betri miaka ijayo kuliko drili yenyewe. Zisizo na kaboni zina faida kubwa, ila kadi yake ya umeme ikifa kampuni nyingi huiuza pamoja na sehemu ya mota, si peke yake. Ulizia hilo mapema. Volti 18 na "20 max" ni seli 5 zile zile kwa mfululizo, zimehesabiwa tofauti. Betri feki ipime kwenye mizani: ya 5.0 Ah (kiasi cha chaji inachobeba) yenye seli 10 za 18650 (aina ya seli za mviringo kama betri za tochi) ina karibu nusu kilo ya seli peke yake. Linganisha na uzito ulioandikwa na kampuni. Ikipungua sana, huenda ndani kuna seli 5 tu.

Siku ya kununua, chukua na jozi 2 za kaboni kwa namba ya modeli hiyo hiyo, zijaribu kuingia zote mbele ya muuzaji, na mwambie aandike namba ya pekee ya mashine hiyo (serial number) kwenye risiti.