Rupia ya 1891 isiyo na herufi

Hapana mkuu, umeuliza kama rupia yako ya 1891 ni feki kwa kuwa haina herufi ya kiwanda kilichoipiga, kukosa herufi peke yake hakuifanyi feki, rupia za fedha za kampuni ya Wajerumani (DOAG, 1890 mpaka 1902, zile zenye simba na mnazi nyuma) hazikuwekwa herufi kabisa, herufi zimeanza na za serikali ya kikoloni ya Wajerumani mwaka 1904, A ni Berlin na J ni Hamburg. Mzee wangu alikuwa sonara hapa Ngamiani, zimepita nyingi mkononi kwake. Ila ipime, ya kweli inakaribia gramu 11.66, ikisogea sana na haijalika basi ina walakini. Na mtu akikuletea ya fedha yenye T mwachie mwenyewe, T ni Tabora 1916 na kule hawakupiga sarafu za fedha, ni za dhahabu na heller (sarafu ndogo za shaba) tu